Nimefuga Mende wa Marehemu, Sasa Mke Wangu Amehama

Mpendwa mshauri Bi Faiza,

Shikamoo, ingawa kwa hiyo picha yako ya gazetini naona mimi nilikuwa nimeshatoka jandoni kabla mama yako hajaota meno ya pili. Naomba msaada wako na univumilie mwandiko, maana shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, tulikuwa tumechokana. Mimi naitwa Riungu, mkulima wa miraa hapa Muthara, na jina langu liandike lote usilifiche, kwa sababu hapa sokoni hakuna asiyejua tayari, hata mbuzi wananiangalia vibaya. Nina mke mmoja, Karwirwa, mama wa kanisa, ambaye tangu mvua zianze yuko mjini Maua kwa dada yake na amesema harudi, na shida yangu ni hiyo tu, nataka mke wangu arudi nyumbani, lakini ili uelewe kwa nini aliondoka lazima nikuambie habari za mende, na ili uelewe mende lazima nianze na mjusi, kwa hivyo kaa vizuri, weka chai karibu.

Mjusi ni wa mjukuu wangu Beverlyne, ambaye anasomea mambo ya wanyama kwenye chuo kimoja huko Embu. Mwenye nyumba aliyopanga alimwambia achague, ama mjusi ama chumba, ndipo akaniletea, akaniambia, "Juju," maana ndivyo wajukuu wanavyotuita babu zao huku, "nitunzie huyu mpaka nihame." Si mjusi wa ukutani unayemjua wewe. Huyu ametoka ng'ambo, ana urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko, rangi ya mchanga, na kidevuni ana miiba kama ndevu, na akikasirika hizo ndevu zinavimba na kuwa nyeusi kabisa. Mimi nilimwita Askofu. Karwirwa hakufurahia hilo jina, lakini tangu lini Karwirwa akafurahia neno langu, angelifurahia tungekuwa bado tunaongea wakati huu.

Sasa Askofu anakula mende. Beverlyne alileta na mende wenyewe kwenye sanduku la plastiki, mende wageni, wanene kama tende, wasiojua kupanda ukuta. Akanifundisha kusimamisha trei za mayai humo ndani wajifiche katikati, kuwawekea pumba na maganda ya viazi, kuwapa maji kwa kitambaa kilicholowa ili watoto wasizame, kupaka mafuta ya mgando ukingoni wasitoroke, na kuwaweka mahali penye joto ili wazaane, halafu unamtolea mjusi wachache unabakiza mama zao. Ni kama kufuga ng'ombe, ila hawa huwezi kuwatembeza mbele ya watu ukajivuna. Nikafanya vizuri kabisa, mpaka siku moja nikaliweka sanduku juani wapate joto, nikafungua kifuniko wapate hewa, nikaenda kuongea na mtu kidogo, na wewe unajua kuongea kidogo kwa mzee wa huku Tigania ni nini. Niliporudi kuku wa Karwirwa walikuwa wamejilaza kivulini, hawawezi kusimama kwa shibe. Ndani ya sanduku hakuna hata mguu.

Beverlyne sikumwambia. Nikasema nitatafuta wengine, mende ni mende. Lakini nyumbani kwetu mende hajulikani, Karwirwa anapuliza dawa kila Jumamosi kama anayemfukuza shetani, na mende wa dawa angemuua Askofu. Ndipo nikakumbuka nyumba ya Kobia.

Kobia alikuwa jirani yangu, ua mmoja tu kati yetu, na mwenzangu wa kutafuna miraa tangu tukiwa vijana wenye nywele. Kila siku saa tisa mchana alikuwa anakuja kibarazani kwangu, anainua mkono mmoja polepole akiwa bado kule getini, kwa sababu bega lake lilikuwa bovu, anakaa kwenye kiti kinachotazama barabara, anakohoa mara mbili fupi na moja ndefu, halafu anaanza kudanganya. Alikufa mwaka jana. Tulimzika, nyumba yake ikatiwa kufuli. Hapa kwetu, Bi Faiza, nyumba ya marehemu aliyekuwa akiishi peke yake inafungwa mpaka ukoo wake ukae pamoja, na kabla ya siku hiyo hakitolewi kitu mle ndani, hata kijiko, hata jivu la jikoni. Ukoo haujakaa kwa sababu mwanawe Mbaabu ni dereva wa lori na hapatikani kirahisi. Hayo yote nayajua, mimi ndiye huwa nawakumbusha wengine. Lakini nikajiambia, nani amewahi kusikia mende wakigawanywa? Ng'ombe wa baba, ndiyo. Shamba la baba, ndiyo. Mende wa baba? Nikazunguka nyuma, kuna ubao umelegea, nikapenya na ndoo yangu.

Ilikuwa mchana mweupe, jua linachoma, lakini mle ndani palikuwa na baridi ya asubuhi. Nikatafuta jikoni, hakuna mende. Chini ya kitanda, hakuna. Halafu nikaona koti lake limetundikwa nyuma ya mlango, lile la kijivu alilokuwa anavaa kila siku, nikaona limejaa, mabega yamesimama, nikasema ni unyevu huo umelivimbisha, nikaligusa begani hivi, kama unavyomgusa mtu unapomsalimia. Likapumua. Bi Faiza, mende wote wa nyumba ile walikuwa ndani ya koti, na mende ukimshtua anakimbia, hiyo ni tabia yake, lakini hawa hawakukimbia, walishuka kwenye mkono wangu kwa utaratibu, mmoja nyuma ya mwingine, wakaingia ndooni kama abiria waliokuwa wakingoja gari. Mimi nikacheka. Nikasema kwa sauti, "Kobia, umewafunza adabu mende wako kuliko wanao." Nikatoka.

Nikawaweka kwenye sanduku. Pumba hawakula. Viazi hawakula. Nikasema watakufa njaa hivi hivi, nikawatupia majani niliyobakiza ya mbaine, ile miraa ya miti ya zamani, wakala mpaka vijiti. Siku nyingine nikawapa muguka, ile miraa ya majani ya bei rahisi, uliotoka Embu, nikakuta wameusukuma wote kwenye kona moja, umerundikwa vizuri. Kobia alikuwa hivyo hivyo, ukimpa muguka anausukuma kando kwa kidole kimoja na kusema mpelekee mbuzi. Nilicheka tena, ila sikucheka sana.

Karwirwa alikuja akasimama mlangoni. "Riungu, unawalisha wadudu mbaine?"

"Ni wageni, mama. Wageni hawapewi makombo."

"Mgeni huaga akaondoka," akasema. "Hawa umewatoa wapi?"

Nikamwambia sokoni.

Wakazaana. Sijaona kitu kinachozaana hivyo. Na ikifika saa tisa, si kabla wala si baada, zile trei zinaanza kukwaruza zote kwa pamoja, mara mbili fupi, moja ndefu, halafu kimya. Kimya cha mtu anayengoja ajibiwe. Askofu naye tangu aanze kuwala akawa anatazama upande mmoja tu, upande wa nyumba ya Kobia. Niligeuza sanduku lake la kioo, naye akageuka. Niliweka gunia katikati asione, akakaa akalitazama gunia.

Siku ambayo Karwirwa aliondoka alikuwa ameketi sebuleni anachambua maharagwe ya kesho, mimi nafunga miraa, mchana wa kawaida. Trei zikakwaruza. Askofu akapanda juu ya gogo lake, akainua mkono mmoja, polepole, akaushikilia hewani, akaushusha. Na Karwirwa, bila kuinua kichwa kwenye maharagwe, akasema, "Muuga, Kobia, ingia."

Muuga ni salamu yetu, unaijua. Tukatazamana. Punje moja ya haragwe ilianguka nikaisikia ikiviringika mpaka chini ya kabati.

"Riungu," akasema, "nani nimemkaribisha?"

Nilitaka kufanya mzaha. Nilikuwa na mzaha mzuri tayari mdomoni. Nikakohoa kwanza kusafisha koo, na kilichotoka kikatoka mara mbili fupi na moja ndefu. Karwirwa akasimama. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akauliza taratibu, "Wale mende uliwatoa wapi?" Nikamwambia ukweli. Akafunga maharagwe yake kwenye leso, akachukua ule mfuko wake wa kwaya, akaniambia, "Mimi niliolewa na mwanamume mmoja. Mwingine sikumwomba." Akaenda. Simu yangu hashiki.

Sasa mshauri, nimekwama. Nikiwaua hawa mende Askofu atakufa njaa na Beverlyne atalia, nikiwarudisha, sanduku halipiti kwenye ule ubao, itabidi Mbaabu afungue mlango na ajue kuwa mimi, mzee mzima, niliingia nyumba ya baba yake kwa tundu la nyuma, na nikikaa nao Karwirwa harudi. Na kuna jambo lingine ambalo hili usiliandike gazetini. Saa tisa ikikaribia, mimi nafurahi. Natoa miraa nzuri, naweka sanduku kwenye kiti kimoja, nakaa kwenye kingine. Siku hizi nimehamia kile kiti kinachotazama barabara, ambacho zamani sikukipenda, jua linakupiga usoni, lakini nimegundua ndicho kizuri. Ukikaa pale bega linapumzika vizuri. Na unaona mpaka ng'ambo ya ua, unaiona nyumba yangu jinsi ilivyofungwa, majani yameota mlangoni, nami nashangaa kwa nini Mbaabu haji kunifungulia.

Nijibu haraka.

Riungu,
Muthara


BI FAIZA ANAJIBU

Mzee wangu Riungu,

Shikamoo yako sikuipokea, nakurudishia na yangu juu yake, maana mkubwa ni wewe, ingawa kwa ulichofanya mtu angedhani ni mtoto anayeiba maembe ya jirani. Umeniomba jambo la mwisho nisiliandike gazetini. Nimeliandika. Bila hilo sehemu iliyobaki ya barua yako ni habari ya wadudu tu.

Nianze na yale yenye majibu. Nilimuuliza daktari wa mifugo hapa mjini Meru, akacheka, akasema mijusi wa namna ya Askofu huinua mkono hivyo, ni njia yao ya kumwambia mkubwa kwamba hawana ugomvi. Akasema mende wakilishwa saa ile ile kila siku huamka saa ile ile, na trei za mayai zina kelele. Haya. Nilipomuuliza kuhusu muguka uliorundikwa kona, akaacha kucheka. Nilipomsomea habari ya koti, akaniuliza kama nina swali lingine. Kwa hiyo nusu ya mambo yako yana maelezo na nusu hayana, na mimi sitajifanya nayajua.

Lakini usiniletee ujanja wa kwamba mende si mali. Hukuambiwa usitoe mali, mzee. Uliambiwa usitoe kitu. Na wewe ndiye huwa unawakumbusha wengine, umeandika mwenyewe bila haya. Mimi ni Mwislamu wa mjini, wazazi wangu walikuja huku kwa biashara, mila zenu zote sizijui, lakini kwa nini nyumba hiyo inafungwa naelewa bila kuelezwa. Ni ili mtu aliyeondoka apate kuondoka, na waliobaki wapate muda wa kukubali. Wewe ulikuwa umemkosa rafiki yako, kila mchana ulikuwa unakaa na kiti kitupu mbele yako, na badala ya kulia kama watu ukafanya mzaha, kisha ukaenda kumtoa kwa ndoo. Nakuonea huruma kwa hilo. Nakugombeza pia kwa hilo hilo.

Sasa chukua gazeti hili, soma tena maneno yako ya mwisho, na usome kwa sauti. Nyumba yako haijafungwa, Mzee Riungu. Nyumba yako kuku wanaingia na kutoka. Iliyofungwa ni ya Kobia. Bega lako halijawahi kuwa bovu, lake ndilo lilikuwa bovu. Na Mbaabu si mwanao, hana mlango wa kukufungulia. Karwirwa hakukimbia mende. Mwanamke aliyelima miraa Tigania maisha yake yote akimbie mende? Alisikia kile ambacho wewe umekiandika bila kukisikia. Wewe unadhani una shida ya kumrudisha mke. Mimi nakuambia shida ni kuhakikisha anayemrudia ni mumewe.

Fanya hivi, na usiongeze ujanja wako.

Hicho kiti unachokaa kitoe kibarazani leo, kabla ya saa tisa. Saa tisa isikukute nyumbani hata siku moja. Nenda sokoni, nenda kanisani kwa akina mama ukawapangie viti, mahali popote ambapo watu watakuita Riungu, Riungu, Riungu, mpaka uchoke kuitika. Sanduku la mende usilizungumzie wala usilizungumze nalo. Funika, acha, usiwape mbaine.

Mbaabu amepatikana. Wewe umesema hapatikani, mimi nilimpigia Abdirahim, ambaye ana malori hapa mjini na anawajua madereva wote mpaka Moyale, naye akampata siku hiyo hiyo. Atafika Muthara Jumamosi, na wazee wawili wa ukoo wake wameahidi kuja. Mwambie kila kitu mbele yao, wewe mwenyewe, ukiwa umesimama. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na usimchekeshe, najua utajaribu. Kisha afungue kufuli kwa mkono wake, na sanduku uliingize kwa mlango wa mbele, ukiwa umelishika mbele yako, watu wakiona. Ule ubao wa nyuma upigilieni misumari. Mende wamwage pale pale ulipowatoa, kisha toka, usiangalie kama wanapanda juu ya kitu chochote. Baada ya ukoo kukaa na kugawa, Mbaabu ataleta mtu wa dawa. Hilo ni lake, wewe usilisimamie. Trei choma. Kama kuna mende hata mmoja aliyebaki chini ya kabati na ile punje ya haragwe, mtafute.

Beverlyne mpigie leo, umwambie kuhusu kuku. Msichana anasomea wanyama, amekwisha kuona mambo mabaya kuliko babu mzembe. Daktari anasema mende wa majumbani wanaweza kumpa mjusi minyoo, kwa hiyo usimpe tena. Mpe panzi wa shamba ambalo halijapigwa dawa, na majani ya sukumawiki, mpaka mwenye mjusi aje amchukue. Aje kweli. Chuoni kuna watu wa kumtunza, wewe hiyo kazi imekushinda, na Askofu amekula vya kutosha kutoka kwa Kobia.

Halafu ulie. Chagua mahali, funga mlango ukipenda, ulie. Hata Karwirwa akirudi, utahitaji kuwa umefanya hilo.

Mwisho nenda Maua. Nenda mchana, peke yako, bila mzigo na bila maneno matamu uliyoyapanga njiani. Ukifika kwa shemeji yako, simama uani umwite mke wako, kisha unyamaze. Ameishi nawe miaka yote hiyo, atajua ni nani amekuja kumchukua. Akitoka, mpokee mfuko, rudini nyumbani. Asipotoka, usimlaumu, na usiingie ndani, hata mwenye nyumba akikukaribisha, maana Kobia naye alikaribishwa.